Eropleni Ndogo na Viwanja vya Porini

Watu wengi wasiopata kupanda eropleni hudhani kwamba hatari iko juu kabisa angani, mahali ambapo nyumba za chini huonekana kama viberiti. Wengine waliokwisha kupanda mara moja au mbili huogopa zaidi wakati wa kushuka, nao hufumba macho mpaka magurudumu yaguse ardhi. Ni wachache wanaoogopa wakati wa kuondoka. Lakini marubani wa eropleni ndogo, hasa wale watumiao viwanja vya porini visivyo na lami, wala mnara, wala mtu wa kuwaongoza, huufikiri wakati huo kuliko nyakati nyingine zote. Rubani anayeshuka akiona mambo hayaendi vizuri aweza kuongeza nguvu za injini, akapanda tena na kujaribu mara ya pili. Anayeondoka, akisha kupita katikati ya kiwanja, nafasi ya kubadili shauri imemponyoka. Mbele yake kuna miti, au korongo, au ng'ombe wa watu, na injini yake imekwisha kutoa nguvu zote ilizo nazo.

Jambo hili lafaa lielezwe kwa wakulima na makarani, si kwa marubani peke yao. Katika wilaya nyingi za Kenya, tangu siku za ukoloni hata leo, viwanja vya namna hii vimefyekwa kwa mapanga na kusawazishwa kwa majembe na watu wa mahali penyewe, kwa ajili ya misheni, au hospitali, au polisi, au hifadhi ya wanyama. Mwaka 1957, madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walipoanzisha kazi ya kuwapelekea watu wa mbali matibabu kwa ndege, kazi yote ilitegemea vipande vya ardhi kama hivyo. Na kila penye kiwanja hicho kuna malalamiko ya namna moja. Eropleni imekuja, mizigo imepangwa, watu wameagana; ndipo rubani anatazama majani, anatazama jua, kisha anaagiza sanduku moja lishushwe au mtu mmoja angoje safari nyingine. Watu husema kwamba rubani ana kiburi. Mara nyingi hana kiburi chochote, ila amepiga hesabu.

Hesabu yenyewe huanza na hewa. Bawa la eropleni hubebwa na hewa kama mtumbwi ubebwavyo na maji, ila mtumbwi huelea hata umesimama, na bawa halibebwi mpaka lipite kwa kasi. Kadiri nchi inavyoinuka kutoka usawa wa bahari, ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Joto nalo huipunguza zaidi, kwa maana hewa iliyopata moto hutanuka. Hapo mambo matatu huharibika kwa pamoja: bawa hupata hewa haba ya kulibeba, rafadha hupata hewa haba ya kuishika, na injini hupata hewa haba ya kuchomea petroli. Injini ya kawaida, isiyo na mtambo wa kuisukumia hewa, hupoteza kiasi cha sehemu 3 katika kila 100 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000 za kupanda.

Marubani wana kanuni yao ambayo mtu yeyote ajuaye kujumlisha aweza kuifuata. Pwani, joto linalohesabiwa kuwa la kawaida ni digrii 15 za Sentigredi, nalo hupungua digrii 2 kwa kila futi 1,000. Kila digrii inayozidi kiasi hicho ni kana kwamba kiwanja kimeinuliwa futi 120. Basi, kiwanja cha Wilson kule Nairobi kiko karibu futi 5,500 juu ya bahari, na joto lake la kawaida kwa kanuni hiyo ni digrii 4. Mchana wa Februari kipimo kikionyesha digrii 28, zimezidi digrii 24. Ukizizidisha kwa 120 wapata futi 2,880. Abiria ajiona yuko Nairobi, lakini eropleni yake inahangaika kama iliyo kwenye futi 8,400, huko kwenye misitu ya Aberdare. Wala asidhani mtu kwamba nchi ya chini ni salama siku zote. Lodwar iko kiasi cha futi 1,700 tu, lakini jua likifika digrii 36, eropleni huiona hewa ya Lodwar kama ya mahali palipo futi 4,600.

Ndiyo sababu marubani wa porini hupenda kuondoka asubuhi na mapema. Saa moja hewa ni nzito na imetulia. Saa nane ni nyepesi, tena ina misukosuko. Karani anayemweka rubani ofisini mpaka saa saba kwa kutafuta muhuri uliopotea hajui kwamba amekifupisha kiwanja kwa mamia ya futi, ingawa hakugusa hata jiwe moja.

Wakuu wa usafiri wa anga wa Uingereza wamewatungia marubani wa eropleni ndogo hesabu iliyo rahisi kukumbukwa. Kwa kila futi 1,000 za kimo cha kiwanja, umbali wa kuondokea huongezeka sehemu 1 katika 10. Kwa kila digrii 10 za joto lililozidi, huongezeka vivyo hivyo. Majani makavu yaliyo mafupi huongeza sehemu 2 katika 10, na yakiwa na umande au mvua, sehemu 3. Ardhi laini huongeza robo au zaidi. Uzito ukizidi kwa sehemu 1 katika 10, umbali huzidi kwa sehemu 2. Upepo wa mgongoni, hata ukiwa mdogo tu, huongeza sana. Na linalowadanganya wengi ni kwamba hesabu hizi hazijumlishwi. Huzidishwa moja kwa nyingine.

Chukua mfano wa eropleni ambayo pwani, siku isiyo ya joto, kwenye ardhi kavu na ngumu, yahitaji futi 1,200 ili iondoke na kuvuka miti iliyo mbele. Ipeleke kwenye kiwanja kilicho futi 6,000 juu, na umbali huo wapita futi 2,100. Ongeza joto la digrii 10 zaidi ya kawaida, wafika karibu futi 2,340. Majani yakiwa yamelowa, wapita futi 3,000. Sasa mpakie abiria mmoja ambaye hakuwa katika hesabu, pamoja na kuku wake na debe la samli, na huenda rubani akahitaji futi 3,600 kwenye kiwanja ambacho wazee walikipima kwa hatua wakasema kina futi 3,000. Eropleni ni ile ile, rubani ni yule yule, na juma lililopita aliondoka hapo hapo bila taabu.

Ama kuhusu uzito, watu hudanganywa na viti. Eropleni ya namna ya Cessna 180, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1953 na ikapendwa sana na watu wa porini, ina viti vinne. Lakini uzito wote iwezao kubeba, ukitoa uzito wake yenyewe, ni karibu ratli 1,000. Tangi zikijaa, petroli peke yake huchukua karibu ratli 350. Zinazobaki ni 650, yaani watu wanne wa kawaida wasio na hata mfuko mkononi. Mkulima azoeaye gunia la mahindi la ratli 200 ataelewa mara moja kwamba magunia matatu na kidogo ndiyo mwisho. Mizani ya kupimia pamba au kahawa ingefaa sana kuwekwa penye kila kiwanja. Uzito wa mtu haujulikani kwa kumtazama, na wenye vyeo hasa hawapendi kuulizwa.

Mfano mkubwa wa ajali ya namna hii ulitokea Uganda. Mwezi wa Januari 1954, mwandishi mashuhuri wa Marekani, Bwana Ernest Hemingway, alikuwa akisafiri Afrika ya Mashariki pamoja na mkewe, Bibi Mary. Tarehe 23 walikuwa katika Cessna 180 iliyoendeshwa na Bwana Roy Marsh, wakayazunguka maporomoko ya Murchison ili wapige picha. Katika kuwakwepa ndege waliokuwa wakiruka mbele yao, eropleni iligonga waya wa zamani wa simu uliokuwa umeachwa porini, ikaanguka kwenye vichaka. Walilala hapo usiku mmoja. Eropleni nyingine kubwa ilipita juu, ikaona mabaki bila kuona watu, na habari ikaenea duniani kwamba Hemingway amekufa. Magazeti yakaandika tanzia zake, ambazo baadaye mwenyewe alizisoma akiwa kitandani.

Siku ya pili mashua iliyokuwa ikipita mto Nile iliwachukua mpaka Butiaba, bandari ndogo ya Ziwa Albert. Hapo walimkuta rubani mwingine, Bwana Reginald Cartwright, aliyekuja na eropleni aina ya Rapide, yenye injini mbili na mabawa mawili kila upande, iliyoundwa kwa mbao na kitambaa. Alikuwa tayari kuwapeleka Entebbe jioni ile ile. Kiwanja cha Butiaba kilikuwa cha mabonde mabonde kama shamba lililotifuliwa. Mtu aliyeanguka jana yake na kulala porini hatamani kusikia habari ya kungoja mpaka kesho. Na wale waliokuja kumwokoa, nao, wana hamu ya kumaliza kazi yao. Hamu hiyo ni mzigo usioonekana katika mizani. Eropleni ilikimbia, ikarukaruka juu ya matuta, ikainuka kidogo, ikaanguka, ikashika moto.

Bwana Marsh alivunja dirisha kwa teke, Bibi Mary akapita. Bwana Hemingway, mtu wa mwili mkubwa, hakuweza kupita hapo. Mlango ulikuwa umekwama, naye akaufungua kwa kuupiga kwa kichwa chake. Wote walitoka hai. Lakini yeye aliumia fuvu la kichwa, uti wa mgongo, ini, wengu na figo. Walipelekwa kwa gari mpaka Masindi, na baadaye Entebbe. Mwaka huo huo alitunukiwa tuzo ya Nobel ya fasihi, naye hakwenda Stockholm kuipokea, kwa kuwa mwili wake ulikuwa haujapona. Aliishi mpaka mwaka 1961, na waliomjua walisema hakurudia tena kuwa mtu yule wa kabla ya Butiaba. Aliyepona ajali ya waya kwa majeraha madogo alikaribia kuuawa na kiwanja kibaya.

Msomaji aweza kuuliza, ikiwa eropleni haina nguvu ya kutosha, kwa nini iinuke hata kidogo? Si ingekimbia tu mpaka mwisho wa kiwanja? Hapo ndipo penye mtego wenyewe. Eropleni ikiwa karibu sana na ardhi, kwa kimo kisichofika upana wa mabawa yake, ardhi huisaidia bawa kubebwa na hewa, ni kama yenye godoro chini yake. Kwa hiyo huweza kuondoka ardhini kwa mwendo mdogo kuliko ule inaouhitaji kupanda. Tuta likiirusha juu, rubani hufurahi na kudhani ameondoka. Anapotaka kuivuta ipande, inatoka juu ya lile godoro, mwendo hautoshi, nayo hurudi chini au huinamia bawa moja. Mafunzo ya marubani ni kwamba, ikisha kuinuka namna hiyo, iachwe ikimbie chini chini futi chache juu ya majani mpaka ipate mwendo wa kweli. Lakini kufanya hivyo huku miti yakaribia kwahitaji moyo mtulivu, tena kiwanja chenye nafasi.

Ajali za kuondoka zina ubaya mwingine: tangi huwa zimejaa. Eropleni inayoshuka imekwisha kuchoma sehemu kubwa ya petroli yake. Inayoondoka inayo yote. Tarehe 14 Mei 1931, Bwana Denys Finch Hatton, mwindaji aliyejulikana sana Kenya, aliyewahi kumwongoza Mwana wa Mfalme wa Uingereza katika safari zake za uwindaji, aliondoka katika kiwanja cha Voi kwa eropleni yake ndogo aina ya Gipsy Moth, ambayo aliitumia pia kutafutia tembo kutoka juu. Ilizunguka juu ya kiwanja, kisha ikaanguka na kuwaka moto. Yeye alikufa, na Kamau, mtumishi wake Mkikuyu, alikufa pamoja naye. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya Finch Hatton, na kaburi lake la vilima vya Ngong lina mnara. Juu ya Kamau vitabu hivyo hutoa sentensi moja, na mara nyingine hata jina lake huachwa.

Wala mambo haya si ya zamani tu. Tarehe 24 Januari 2003, siku ile ile ya mwaka ambayo Rapide iliungua Butiaba, mawaziri wa serikali mpya ya Kenya walikuwa wakirudi Nairobi kutoka sherehe ya kumpongeza Bwana Moody Awori huko Busia. Eropleni yao, Gulfstream ya injini mbili, ilikuwa kubwa kuliko hizi zinazozungumzwa hapa, lakini kiwanja cha Busia ni cha mji mdogo wa mpakani, na nchi ile iko karibu futi 4,000. Baada ya kuondoka iligusa nyaya za umeme, ikaangukia nyumba. Marubani wote wawili walikufa, na Waziri wa Kazi, Bwana Ahmed Mohamed Khalif, naye alikufa. Mawaziri wengine waliokuwamo, kama Bibi Martha Karua na Bwana Raphael Tuju, walijeruhiwa. Serikali ilikuwa haijatimiza hata miezi miwili.

Waya, basi, hurudi tena na tena katika habari hizi: wa simu kule Murchison, wa umeme kule Busia. Waya hauonekani vizuri kutoka juu. Rubani huona nguzo, naye hukisia waya uko wapi. Mti walau huonekana, lakini una tabia nyingine isiyo ya waya, nayo ni kukua. Kiwanja kikifunguliwa leo, mwisho wake ni shamba la viazi. Mwenye shamba anapanda mikaratusi, ambayo katika mvua nzuri yaweza kupanda futi 10 kwa mwaka, na kwa miaka minne tu ukuta wa futi 40 umesimama mbele ya eropleni. Kiwanja hakikupungua hata yadi moja katika daftari la ofisi, lakini kwa rubani kimepungua sana. Anayetaka mikaratusi na aipande ubavuni, mbali na njia ya eropleni. Viazi, maharagwe na majani ya ng'ombe havimdhuru mtu.

Viko vitu vingine ambavyo watu wa kiwanja waweza kuvifanya kwa gharama ndogo. Kimoja ni mawe yaliyopakwa chokaa, yakawekwa pande zote mbili katikati kabisa ya kiwanja. Marubani wana kanuni kwamba eropleni ikifika nusu ya njia lazima iwe imepata sehemu 7 katika 10 za mwendo wa kuondokea. Ikiwa huondoka kwa maili 60 kwa saa, ifikapo kwenye mawe iwe na maili 42. Kama haina, injini ipunguzwe hapo hapo na breki zishikwe, maana nusu iliyobaki haitatosha kuongeza kilichopungua, ila yatosha kusimama. Bila mawe, rubani hukisia nusu iko wapi, na mwenye kukisia hujipendelea. Kitu cha pili ni mfuko mrefu wa kitambaa juu ya mti wa kuonyesha upepo. Shuka kuukuu lililoshonwa vizuri hufanya kazi hiyo. Cha tatu ni kufukia mashimo ya mhanga na kuvunja vichuguu, kazi ambayo haiishi, maana mhanga hana sikukuu.

Petroli nayo ina mambo yake. Huko mbali huletwa kwa mapipa, na pipa lililolala nje usiku huingiwa na maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini, nayo ndiyo hufika kwanza kwenye injini. Rubani anayechuja kila galoni kwa ngozi laini, kisha akafungua vali chini ya tangi na kukinga kidogo katika gilasi, asicheke mtu akidhani anapoteza wakati. Injini inayozimika juu ya futi 200 haitoi nafasi ya kuuliza sababu.

Ikizimika hapo, rubani aliyefundishwa vema hageuki kurudi kiwanjani, ijapokuwa kila kiungo cha mwili wake chatamani kufanya hivyo. Kugeuka kwamaliza mwendo na kimo pamoja, na wengi wamekufa wakiwa wamebakiza robo tu ya mzunguko. Hushusha pua, akachagua mahali palipo wazi mbele yake, kuume kidogo au kushoto kidogo, akashuka hapo. Mkulima akikuta eropleni imekaa katikati ya mahindi yake yaliyokaribia kukomaa, na watu wanatoka wakitikisa vumbi, ana haki ya kudai fidia, na karani wa wilaya na aiandike siku hiyo hiyo, safu kwa safu, akihesabu mashina yaliyolala. Ila kwanza watu wasogezwe mbali na petroli inayovuja, na mwenye kiko akizime.